Nilitumwa Nikaikague Nyumba ya Wachapaji

Mwanangu alinikalisha jikoni kwake, Acocks Green, akanimiminia chai kwa mkono wake. Hapo nikajua kuna jambo, maana mwanangu hamimini chai bure. Ni dereva wa basi hapa Birmingham, mtu wa zamu za alfajiri, na maneno yake ni haba kama nywele zake. Alisema binti yake mkubwa amebadilisha nia. Chuo kikuu kimemkubali kusoma famasia, nafasi inamngoja, naye sasa anataka kwenda Ubelgiji akajifunze kuchapa vitabu kwa mkono.

"Kwa mkono?" nikauliza. "Kwani mashine zimekwisha duniani?"

"Muulize mwenyewe, Mama."

Sikuhitaji kumwita. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, anatusikiliza. Mjukuu wangu huyo Kiswahili anakielewa chote, hata cha kumsengenya, lakini akijibu anajibu Kiingereza. Tumezoeana: mimi na langu, yeye na lake. Akatuambia kwamba kule, katika mji mmoja wa bandari, iko nyumba ambamo ukoo wa wachapaji uliishi na kufanya kazi karne nyingi, baba akimwachia mwana au mkwe, wala hawakutupa kitu. Mitambo yao ya kwanza ipo, herufi zipo, hata meza walizoegemea zipo. Sasa ni makumbusho. Na nyuma yake kuna karakana ambako bado wanachapa kwa njia ile ile ya kale, na kila mwaka wanachukua mtu mmoja wa kujifunza kazi. Yeye wamemwita wamtazame. Lugha si shida, kwa sababu alizaliwa Uholanzi, tulikokaa kabla ya kuja huku, na Kiholanzi ndicho wanachosema watu wa mji ule.

Baba yake alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, nenda naye. Kaikague hiyo nyumba. Ukirudi ukasema ni pazuri, ataenda. Ukisema hapana, ni famasia, na sitaki kusikia tena."

Msichana akanitazama kama mtu anayemtazama kadhi. Akakubali.

Niseme wazi nilikuwa upande gani. Mimi ni Msomali wa Mombasa, na shule yangu ni chuo cha Kurani na darasa tatu za serikali, basi. Hapa Birmingham nimepiga deki ukumbi wa hospitali, Harborne, mpaka magoti yakagoma. Kila siku nilipita mbele ya dirisha la dawa, nikawaona wale wasichana wenye makoti meupe, watu wazima wamepanga foleni mbele yao, daktari mwenyewe akiwapigia simu kuwauliza. Nikamvalisha mjukuu wangu lile koti, kichwani mwangu, tangu hajaota meno ya pili. Na wanawake wa darsa la Jumamosi nimewaambia wote. Nimewaambia zaidi ya mara moja. Kwa hiyo nilipanda treni New Street nikiwa na hukumu yangu tayari, nimeifunga kama sambusa za njiani.

Lakini mimi mtu wa kutaka kujua. Hilo ni tatizo langu la kuzaliwa.

Nilidhani makumbusho ni jumba la baridi lenye sanamu za watu uchi. Hii ilikuwa nyumba. Nyumba hasa, yenye ua katikati, mzabibu umetambaa ukutani, madirisha mengi ya vioo vidogo vidogo yakiuangalia ua pande zote. Mwenye nyumba akisimama dirishani anamwona kila mtu anayeingia na anayetoka, nani kachelewa, nani kabeba nini. Nikasema moyoni, huyu alikuwa anajua kuishi na watu.

Ndani sakafu zinalia ukizikanyaga. Vyumba vingine kuta zimevikwa ngozi, ngozi ya mnyama kabisa, yenye maua ya dhahabu. Niliisogelea niinuse, na mlinzi, baba mmoja mnene mwenye funguo kiunoni, akakohoa. Nikarudi nyuma. Nikainusa kwa mbali.

Mjukuu wangu alikuwa na mambo yake ya kunionyesha, mimi nilikuwa na maswali yangu. Walipikia wapi? Nani alifua nguo zenye wino? Wanaume wangapi walilala humu, na mabinti wa nyumba walilala wapi? Mengine alijua, mengine alisoma ukutani, mengine aliniambia, "Ayeyo, hakuna mtu anayeuliza hivyo." Ayeyo ndiyo nyanya kwa Kisomali, ndivyo wanavyoniita. Nikamwambia mimi nauliza, kwa hiyo mtu yupo.

Chumba cha mitambo ndicho kilichonisimamisha. Imepangwa safu, kila mmoja mrefu kama mlango, miti mitupu, miguu minene, na katikati parafujo kubwa linaloshuka kubana. Kama kitanda cha samadari kilichosimamishwa wima kikageuzwa chombo cha kumtesea mtu. Alinieleza kazi yake. Wanaume wawili kwa mtambo: mmoja anapaka wino, mwenziwe anaweka karatasi, anavuta mkono wa mtambo kwa nguvu zake zote, anatoa, tena, tena, kutwa. Karatasi ilitiwa maji kidogo kwanza ili inywe wino, halafu ikaanikwa juu darini kwenye kamba, kama nguo. Wino wenyewe ni masizi na mafuta yaliyochemshwa. Nikasema, huo ni wanja tu. Akacheka, akasema ndiyo, kama wanja.

Wino walipaka kwa mipira ya ngozi, na ngozi ile ilipaswa kuwa laini. Hapo akapunguza sauti. Waliilaza kwenye mkojo.

"Mkojo wa nani?"

Akasema wa wafanyakazi. Nikaitazama ile safu ya mitambo upya, nikawaona wanaume wale na jasho lao, mafuta yao ya kuchemka na ndoo yao kwenye kona, na nikamwambia kwamba nyumba hii, pamoja na ngozi zake za dhahabu, ilinuka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Baba wa funguo akakohoa tena.

Kuna chumba kingine, kidogo, chenye meza pana chini ya dirisha. Hapo walikaa wasahihishaji, wanaume waliosoma, wakitafuta makosa kabla kitabu hakijachapwa. Na mjukuu wangu alinisomea habari moja ambayo bado ninayo. Mabinti wa nyumba, wangali wadogo, waliwekwa hapo kuwasomea kwa sauti maandishi ya lugha wasizozijua. Neno kwa neno, bila kuelewa maana, ili yule mkubwa afuatishe kwa macho. Nilikaa kitako dirishani, mahali pasiporuhusiwa kukaa nafikiri. Maana hao walikuwa sisi. Chuoni Mombasa tuliisoma Kurani juzuu baada ya juzuu, sauti juu, viboko karibu, na hakuna aliyetuambia maana ya hata aya moja. Herufi tulizijua kama vidole vyetu. Maana alikuwa nayo mwalimu, na sina hakika kama alikuwa nayo.

Basi nilikuwa nimeanza kulegea kidogo. Ndipo nikaharibu.

Karibu na mlango wa karakana wameweka mtambo mmoja unaofanya kazi, wageni wauone. Mwanamke mrefu mwenye mvi fupi na aproni ya buluu alikuwa anachapa, watu wamesimama nyuma ya kamba. Chini ya mtambo walikuwa wametandaza karatasi zilizoharibika ili zipokee matone ya mafuta. Mimi sikutazama mtambo tena. Nilikuwa nimeona, pale sakafuni, karatasi yenye herufi za Kiarabu, mistari mizima, na yule mwanamke kila akivuta mkono wa mtambo anarudi nyuma hatua, na kiatu chake kinatua juu yake.

Sikufikiri. Mtu aliyepita chuoni kwetu hafikiri hapo. Karatasi yenye herufi hizo ikianguka unaiokota, unaibusu, unaiweka juu, na ikichakaa inazikwa mahali safi, haikanyagwi. Niliinama nikapita chini ya kamba, nikaivuta kutoka chini ya kiatu cha mama wa watu, nikaibusu, nikaigusisha paji la uso, nikaikunja nikaitia kifuani.

Baba wa funguo alikuja mbio, mtu mnene vile. Akanyosha mkono, akasema nitoe nilichochukua. Kiholanzi changu ni kidogo, lakini "toa" ni "toa" katika lugha zote. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba sitoi, na yeye aone haya, mtu mzima, kuniangalia kifuani. Watu wote waligeuka. Wengine walitoa simu. Mwanamke wa aproni aliuacha mtambo nusu njia.

Mjukuu wangu alinishika mkono akanitoa mpaka uani, akanikalisha kwenye benchi, akabaki amesimama. Uso umemwiva. Na akaniambia kwa Kiswahili, huyu asiyenijibu Kiswahili hata nikimwuliza chumvi iko wapi:

"Ayeyo, umefanya makusudi. Yule mwanamke ndiye atakayenichagua. Baba amekutuma uniharibie."

Makusudi hapana, wallahi. Lakini angeniuliza kama nilitoka Birmingham nikitumaini jambo litaharibika, ningemjibu nini? Nilikaa nikiangalia mzabibu wao. Yeye akaenda kusimama upande wa pili wa ua, mgongo umenigeukia, na mabega yake nayajua yakilia.

Yule mwanamke akatoka, anafuta mikono kwa tambara. Akaketi karibu nami bila kuharakisha, akamwita msichana aje atafsiri. Akaomba kuiona karatasi. Hakuniambia niirudishe, alisema kuiona. Nikageukia ukuta nikaitoa.

Nilimweleza mambo ya chuoni, habari ya kuokota, kubusu na kuzika. Mjukuu wangu alitafsiri kwa sauti kavu kama mkate wa juzi. Mwanamke alisikiliza yote. Kisha akaikunjua karatasi gotini, akasema hizo herufi amezipanga yeye mwenyewe, kwa kufuatisha ukurasa wa kamusi ya zamani ya Kiarabu. Ni maneno tu, moja moja, na hili ni lipi na lile ni lipi akaonyesha kwa kidole. Msichana akaanza kutafsiri, akasita. Nikaona mdomo wake unacheza.

"Nyundo," akasema. "Chura. Ayeyo, na hili hapa ni kiatu."

Nilikuwa nimebusu kiatu. Nimebusu chura na kiatu mbele ya umati wa Wazungu, na nimeviweka kwenye paji la uso. Nikaanza kucheka, na nikicheka mimi nacheka na tumbo, benchi zima likatikisika, naye mjukuu wangu akashindwa, akakaa chini kwenye mawe ya ua akicheka huku machozi ya mwanzo hayajakauka. Mwanamke alitungoja tumalize. Halafu akainyanyua karatasi gotini, nikadhani ataondoka nayo. Hapana, alininyoshea niichukue. Nikamwambia nitaichukua, kwa sababu herufi ni zile zile, haidhuru zinasema chura. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuzungumza na baba wa funguo, nami sikukoholewa tena siku ile.

Aliporudi alimwambia msichana, haya, twende niione mikono yako.

Mimi wakanipa kigoda kwenye kona ya karakana. Nilitarajia atapewa kuchapa, jambo la kuonyesha. Walimpa kazi ya kurudisha. Ukurasa ukishachapwa, herufi zake, vipande vidogo vya madini ya risasi kama punje za mahindi, lazima zitolewe moja moja na kurudishwa kila moja kwenye kijumba chake ndani ya trei kubwa la mbao lenye vijumba vingi. Kosea kijumba, na mtu wa kesho ataandika upuuzi. Ni kazi isiyo na sifa. Ni kama kuosha vyombo baada ya harusi.

Sasa lazima mjue huyu ni mtoto gani. Vikombe chini ya kitanda chake vinaota ndevu. Taulo lake linalala sakafuni kama mgonjwa. Na mdomo! Anabishana na taa za barabarani. Nikajisemea, hapa ndipo patakaponisaidia, sitahitaji kusema kitu.

Alifunga kilemba chake vizuri, akakunja mikono ya shati, akachukua mstari wa herufi kwenye vidole vya kushoto, akausoma kinyume, akaanza kudondosha. Ti, ti, ti. Polepole, kisha haraka zaidi, kama mtu anayechambua mchele. Mwanamke akapita, akatia kidole kwenye kijumba kimoja, akachokora, akatoa herufi iliyokosewa, akaiweka kwenye kiganja cha msichana bila neno. Nikangoja jibu. Halikuja. Aliitazama, akaiweka mahali pake, akaendelea.

Mara herufi moja ikaanguka. Mwanamke akainua mkono na karakana nzima ikasimama, hata aliyekuwa anakata karatasi kule mwisho. Ndiyo desturi yao: ikianguka, hakuna anayenyanyua mguu mpaka ionekane, maana ikikanyagwa imekufa. Mjukuu wangu alipiga magoti, akaingia chini ya meza, akatambaa na vumbi lao lote, akatoka nayo. Akaipuliza. Akaigeuza kwenye mwanga aone kama uso wake umekwaruzwa. Ncha ya ulimi imemtoka pembeni ya mdomo, kama alipokuwa akijifunza kufunga kamba za viatu. Na hakuniangalia. Hilo ndilo lililonishinda. Mimi hakimu wake, niliyekaa pale kwenye kigoda na buibui langu jeusi, mwili wangu si wa kupotea machoni, alikuwa amenisahau kabisa.

Sikukata tamaa mara moja. Nilimhoji yule mwanamke. Msichana atalala wapi, mlango una kufuli, ataswali wapi, nyama ya halali iko umbali gani. Alijibu, na asichokijua alisema hakijui. Mwisho nikauliza kama kazi hii inamlisha mtu. Mjukuu wangu hakutaka kutafsiri. Nikamwambia tafsiri.

Mwanamke akasema: vibaya. Yeye mwenyewe jioni hushona na kutengeneza vitabu vikuukuu vya watu ili aishi. Angeweza kunidanganya, nisingejua. Akaongeza kwamba msichana wanamchukua, kama nyumbani watamruhusu. Akasema "nyumbani" akinitazama mimi.

Kwenye treni ya kurudi mtoto hakuniuliza nimeamua nini. Alikuwa na wino kwenye kucha, akawa anaukwangua, kisha akaacha. Karibu na London akaniomba radhi kwa Kiingereza kwa yale aliyoyasema uani. Nikamwambia asiniombe radhi sana, ale sambusa.

Baba yake alitungoja na chakula mezani, wali na mchuzi wa mbuzi, amepika mwenyewe. Hakunipa nafasi hata ya kunawa.

"Haya, Mama. Umeonaje?"

"Aende."

Alitua kijiko. "Mama, nilikutuma ukamrudishe, si ukampeleke."

"Uliniambia nikaikague nyumba. Nimeikagua. Famasia andikeni mwombe wamngojee mwaka. Wakikataa, wamekataa."

Akauliza akishindwa je. Nikamwambia akishindwa atarudi, hakuna aliyekufa kwa kurudi kwao. Akauliza watu tutawaambia nini, na hiyo "tutawaambia" aliisema kwa adabu tu, lakini alikuwa ananiuliza mimi, maana koti jeupe ni mimi niliyelitangaza mji mzima. Nikamwambia Jumamosi nitawaambia mwenyewe: mjukuu wangu hatakuwa mfamasia mwaka huu, anajifunza kazi ya mkono katika nyumba iliyokuwa ikifanya kazi kabla babu wa babu zao hawajazaliwa, na mwenye la kusema aniambie usoni. Itaniuma. Najua nani atatabasamu na nani atasema masha Allah kwa pua.

Mwanangu alivuta kiti kilichokuwa karibu naye. Kisha akamwita binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni hajavua koti. Akamwita "aabo," baba, ndivyo baba wa Kisomali anavyomwita mtoto wake anapompenda kuliko anavyoweza kusema.

"Aabo, keti. Nielezee tena hiyo kazi. Safari hii nielezee mimi, usieleze ukuta."

Akaketi. Akalisukuma bakuli la mchuzi pembeni, akachukua punje za wali kutoka sahani yake, akaanza kuzipanga juu ya meza moja baada ya moja, kumwonyesha jinsi mstari unavyojengwa, herufi kichwa chini. Mwanangu hamruhusu mtu achezee chakula mezani kwake, amewahi kuwafukuza ndugu za msichana wote watatu kwa hilo. Aliinama akatazama. Kisha akauliza ile punje ya pili inashikiliwa na nini.